Kisanduku cha Jina

Fomu ya wilaya ina kisanduku kimoja,
upana wa kidole gumba pamoja na ukucha wake:
JINA LA MTO.
Wanataka kuchonga kibao cha daraja
kabla mvua za Aprili hazijala njia ya mchepuko.

Nikamwendea shangazi Atimango. Hakunijibu.
Alivaa ndala, akabeba panga na kidumu cha lita tano,
akasema, "Mto hauelezwi kitini."

Tulianzia juu, chini ya mwamba unaotoka jasho,
pale ambapo maji hayajawa mto bado,
ni unyevu tu, ni nyasi zenye kijani kilichozidi.
"Hapa hatuiti kitu. Kitovu hakijaanguka."

Hatua mia tatu chini, kitovu kikaanguka:
kijito kikaruka jiwe, kikapata sauti,
na watu wa mlimani wanakiita Msengenyaji,
maana usiku husimulia mambo ya nyumba zote.
Ng'ambo, kwenye mashamba ya ufuta,
maji ni yale yale, vyura ni wale wale,
lakini wao husema Mkwe:
huja mara moja kwa mwaka, hushiba,
huondoka na mbuzi.

Penye mti wa yaa uliopigwa na radi
ni Ng'ombe Saba.
"Walizama saba?"
"Sita. Wa saba tulidaiwa tu,
na kesi haijaisha."

Halafu akanyamaza, urefu wa shamba zima la mtama,
mpaka kwenye kona ambapo mto hugeuka
kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.
Hapo ndipo wahandisi wamechomeka vigingi vyekundu.
"Palikuwa na jina hapa,"
akachokora tope kwa ncha ya panga
kama atafutaye muhogo uliosahaulika ardhini.
"Aliyelijua alifia kambini.
Tulisimama nyuma yake kwenye foleni ya maharage,
miezi, tukiona kisogo chake.
Nani aulize jina la kona
akiwa ameshika bakuli?"

Miaka kumi na mmoja mto ulipita hapa bila kuitwa.
Ulihamisha ukingo, ukameza kivuko,
ukaotesha matete tulipopanda mihogo.
Walikuja askari wa doria, wakauliza kwa Kiswahili,
"Mto huu waitwaje?"
na mtu mzima, aliyebatizwa humo humo,
akajibu, "Sijui, afande."
Kwenye ramani yao ukabaki mstari wa buluu,
nukta nukta, pasipo neno.
Lugha ile mimi niliisikia kupitia ukuta wa nyasi,
nimebana pumzi.
Leo ndiyo ninayoandikia haya.
Sijui nani amemsamehe nani.

Shangazi alipovuka, tope lilimshika mguu wa kushoto.
Alivuta. Tope likavuta.
Mguu ulitoka, ndala ikabaki,
akaitukana kona ile matusi ambayo sitayaandika,
kisha akaendelea, mguu mmoja mtupu,
hadi Achwa, mto mkubwa,
uliopokea maji yetu bila kuuliza yanaitwaje.

"Sasa niandike nini?"
"Andika Kulu."
"Kulu ni mto tu. Watasoma: Mto Mto."
"Basi wasome mara mbili."
Akajaza kidumu, akanitwisha.

Kibao kimesimama tangu Juni,
herufi nyeupe, bati la kijani, MTO KULU,
na tayari mtu amekifungia mbuzi.
Lakini jana jioni niliwasikia wajukuu wa Atimango,
ndoo vichwani, wakigawana njia penye kichuguu,
mmoja akipaza sauti kwa wenzake,
"Msitungoje Ng'ombe Saba,
tukutane Ndala!"