Herufi za Bango

Ugomvi uliletwa na herufi.
Bango limebandikwa mlangoni, ukumbi wa Paducah,
mto Ohio ukinuka dizeli nyuma yake,
na Lucious Tarver analipima jina lake kwa kidole gumba.
"Mimi nusu kidole. Cleotha kidole na ukucha.
Kwa lipi?"
Cleotha Bibbs hajibu.
Anaisugua harmonika kwa mswaki wa meno;
meno yenyewe yamelala kwenye gilasi.

Mimi mpiga besi. Simo banguni,
ila ukiinama utaniona chini kule: "na wenzao".
Jina langu kamili, Ardelia Crump, limo kwenye leseni ya udereva,
maana usiku ni besi, mchana ni usukani:
Cairo, Evansville, Terre Haute, kisha tukarudi kusini
hita ikikohoa.
Mafahali wawili, husemwa, hawakai zizi moja.
Sisi tumewatia wanne,
na zizi lina magurudumu.

Vernita Scaggs hukaa mbele, kwa sababu ya goti.
Anafuma soksi ambayo haijawahi kupata mwenzake.
Nyuma kabisa Desmond, miaka ishirini na mitatu,
vidole vyepesi kama moto wa karatasi,
anapiga noti nyingi hadi bluzi inakosa pa kukaa.
"Noti si za kutapanya, mwanangu," Vernita humwambia,
"hata hizo usizonazo mfukoni."
Hucheka wote. Ila Lucious na Cleotha
hawacheki kitu kimoja.
Tangu Evansville hawajasemezana.
Chumvi hupitia kwangu.

Ratiba ni hii: kila mmoja dakika ishirini na tano,
halafu wote wanne pamoja, wimbo wa polepole,
watu wapate picha.

Ulikuwa usiku wa kumi na moja.
Cleotha akaingia zamu yake, macho kayafumba,
akauinua ule mlio wa treni inayoondoka na mtu wako,
akaupandisha, akaupandisha,
pumzi ikamkatikia njiani.

Niliuona mkono. Uliitafuta stendi ya maiki,
ukaikosa, ukaipata.
Ukumbi haukujua. Ukumbi ulidhani ni ufundi.
Desmond akawa tayari kuruka, kidole kishaugusa uzi,
na Lucious akamtazama.
Basi. Kumtazama tu.

Kisha akapunguza sauti ya gitaa lake
hadi ikawa kama mtu anayeongea chumba cha pili,
akapiga uzi mmoja,
akangoja,
akaupiga tena, ule ule,
kama unavyoweka kofia juu ya kiti
mwenye kiti akitoka nje kidogo.
Nikamfuata kwa besi. Hatua, hatua. Hatukwenda popote.
Mizani kumi na mbili zikapita, kina hakijafika.
Mama mmoja safu ya mbele akaiweka bia yake chini.

Halafu noti moja. Nyembamba, imepinda,
na mate ndani yake.

Saa tisa usiku, kituo cha mafuta nje ya Fulton,
nagawa fedha juu ya boneti:
bahasha nne nene, na ya kwangu.
Lucious anaikunja yake bila kuhesabu.
"Ulichelewa kuingia," anamwambia Cleotha.
"Ulikuwa unaningoja?"
"Nilikuwa natafuta tuni."
Cleotha anaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeuziwa
kitu kwa bei nzuri akijua kimeibwa.

Ndani ya basi wakaanza upya habari ya herufi,
kwa sauti, kwa matusi, nusu kidole, kidole na ukucha,
hata Vernita akaitua soksi akashika upande.
Memphis ilikuwa bado mbali.
Hita ilishakufa kabisa.
Nikawaacha wagombane; kulikuwa na joto.