Mstari wa G

Tone la damu, Mama Cibalonza, nilikuomba tone moja,
kutoka kidole kinachonuka sambaza
ingawa mwenyewe hukukinusa.
Ilikuwa wiki ya saba. Kadutu nzima ilijua:
mwenye beseni la bluu kwenye ngazi za soko
humwita mtoto wa jirani amnusie samaki
kabla hajampimia mteja.

Nililidondosha kwenye kidirisha cha plastiki,
nikaongeza maji ya dawa, nikatazama saa.
Dakika kumi na tano.
Mvua ilipiga mabati ya labo. Umeme haukuwepo.

Ukauliza tunasubiri nini.
Nikaanza nilivyofundishwa: mwilini mna askari—
ukanikata. "Askari? Zihalirwa, mwanangu, nawajua.
Njia ya Kavumu wamefunga kamba yao,
kila beseni linapita kwa franka mia tano.
Kama ndio waliojaa humu, nitoe damu yote."

Nilicheka, kisha nikaona aibu,
nikatafuta neno lingine.

Basi si askari. Sema ni akina mama wa safu yako,
siku ile kijana wa koti la kijani alipopita
vidole vyake vikimtangulia.
Hakuna aliyepiga kelele, wala mwenye rungu.
Mmoja alishika kiganja, mwingine kiwiko,
wa tatu pindo la koti,
na mkono haukufika kapuni.

Kirusi hiki ni mikono mitupu:
miiba pande zote, na kila mwiba unatafuta
mlango wa chembe ya pafu.
Kingamwili haina panga. Ina umbo la panda,
ile ya manati za watoto wa Cimpunda,
ncha zake mbili hushika mwiba na kushikilia
mpaka walaji wa damuni waje wakimeze chote.

Hukuzaliwa nazo hizi. Mwili ulizichonga
usiku ule wa homa, Nsimire akikukanda kwa maji,
ukakosea, ukachonga tena, panda maelfu zisizolingana,
hadi moja ikakaa sawasawa
na hiyo ndiyo ikanakiliwa.

"Zitabaki?"
Sijui. Nisikudanganye. Zitapungua miezi ikipita,
na mwizi atarudi amebadili koti.
Lakini kuna chembe zinazotunza mfano wake,
kama fundi cherehani anayetunza vipimo vyako
hata ukinenepa. Kwa hiyo chanjo ikifika, njoo,
tuwakumbushe mafundi.
Na huyu anayenyonya, humo katika maziwa
naye anapata kidogo.
Ukageuza shingo, ukapandisha kikwembe mgongoni.

Mstari wa C ulikuwa umetoka: kipimo kizima.
Chini yake, mwembamba, kama uzi uliochujuka: G.
Hukushangilia. Uliuliza: "Na wako?"

Nilijipima Jumatatu. Haukuchora kitu.
Miezi kumi natoboa vidole vya watu
na damu yangu bado haimjui mgeni huyu.
Barakoa mbili, sabuni mpaka ngozi imepasuka,
bugali napewa mlangoni, kwa mkono ulionyooshwa.

Ulinyamaza. Kisha ukafunua beseni,
ukaweka sambaza watatu juu ya jani la mgomba.
"Nenda kule dirishani, shusha hicho kitambaa,
ninusie."

Nikaenda. Nikashusha.
Jua la jana, moshi, ziwa, na nyuma yake
kitu kilichoanza kugeuka.
Wauze leo, nikasema. Kesho watakuaibisha.

"Wewe pua, mimi damu," ulisema ukijitwika,
"tungeshonwa pamoja angepatikana mtu mmoja mzima."
Ukashuka ngazi mvua ikiwa haijakatika.
Nilisahau kukudai hela ya kipimo.
Samaki uliwaacha palepale kwenye jani,
kando ya kidirisha, mstari ukizidi kukolea.