Kusafisha

Kaunas, ghorofa ya nne, bafuni kwetu,
baba aliweka ubao juu ya hodhi la kuogea,
trei tatu juu ya ubao,
na blanketi la jeshi dirishani, misumari kila pembe.
Jumamosi hakuna kuoga.

Mimi nilikuwa mshika koleo. Alinifundisha kuhesabu
kwa pumzi, si kwa saa:
kumi na nane za mwanga, kisha za ziada,
mkono wake mpana ukielea juu ya karatasi,
ukitikisika kidogo, kama mtu apozaye uji.
Hapa funika. Pale acha paungue.
"Kusafisha picha," alisema, "ni kujua pa kuchafua."

Halafu karatasi tupu ndani ya dawa, kimya,
na theluji, na ukingo wa daraja la Nemunas,
na uso wa mama ukija polepole
kama jina lililokuwa kwenye ncha ya ulimi.
Vidole vyangu vilinuka siki hadi Jumatatu, darasani.

Leo Ugnė, binti yangu, kanunua skana.
Amelaza filamu za babu yake kiooni, sita sita,
kwa glavu nyeupe na brashi laini.
Mashine inanguruma, inapita, basi.
Haihesabu pumzi. Haina mkono.
Kilichomo kimo.

"Mama, huyu nani?"

Daraja lile lile. Koti la mama lile lile.
Lakini kulia, pale ambapo kwenye picha ya sebuleni
ni weusi mtupu wa nguzo,
yupo mwanamume, kofia mkononi,
anamtazama mama,
na mama anacheka, si kwa kamera.

Miaka arobaini na mmoja nimepangusa vumbi kioo kile.
Nilikuwapo. Nilihesabu mimi,
thelathini za ziada upande wa kulia.
Nilidhani anaipenda nguzo.

Ugnė anakuza, anasifu:
tazama, hata vifungo vya koti vinahesabika!
Naam, mwanangu. Vinahesabika.

Wiki ya pili dawa zimefika kwa posta.
Ubao nimeutoa stoo. Taa nyekundu.
Nahesabu, pumzi zangu sasa ni fupi:
kumi na saba, kumi na nane,
na mkono, bila kuagizwa,
unanyanyuka kwenda kumfunika mama,
unasita hewani.

Mwanga haungoji.
Kumi na tisa. Ishirini.
Unawaunguza wote wawili.