Uwanja wa Walukuba

Hapa ndipo tulipowafunga Tororo kwa pointi moja,
mwaka ule kiwanda cha nguo kilipolipa mishahara kwa vitambaa.
Pete ya goli aliichomelea Owor kwa chuma cha pipa,
wavu tukausuka wenyewe kwa uzi wa mashine namba tisa,
na mpira ukipita, haukulia chwaa kama wa Kampala;
ulinong'ona, kama shuka jipya likikunjuliwa.

Mfereji ule ndio uliokuwa mpaka.
Aliyetumbukia alihesabiwa nje,
na kumcheka kuliruhusiwa.

Leo kiwanda kina kufuli lenye kutu,
pete imeinama kama sikio la mbwa mzee,
na sakafu ni ya mahindi ya Athieno,
ameyaanika toka ukutani hadi mstari wa mtupo huru.
Punje moja haivuki.

Namuuliza: mbona nafasi yote ile unaiacha tupu?
Athieno, namba saba,
aliyekuwa akiwapita walinzi wawili kwa bega moja,
ananitazama kama mwamuzi aliyeona kosa.
"Pale," anasema, "ni pa kurushia."

Kisha anaokota gunzi,
anakunja magoti.