K na W

Nilipoinunua kwa masista wa Bagira,
dola kumi na tano na debe la maharagwe,
E ilikuwa imeshafutika,
S imebaki mkia.
Miaka arobaini ya Kifaransa
ilikuwa imezilamba kama ng'ombe alambavyo chumvi.
Lakini K iling'aa. W iling'aa.
Zilikaa kimya kati ya wenzao
kama wageni harusini
wasioujua wimbo wa ukoo.

Mimi nikaanza: kwa, kwako, wakwe, wakati,
kiwanja, kikwazo, kwikwi.
Siku hizi ni K inayopauka.

Meza yangu iko Nyawera, chini ya bati la duka la dawa.
Juu ya ngazi, kwa akina Mugisho,
kuna kompyuta tatu na printa inayokohoa.
Siwasemi vibaya. Ni wepesi,
wanaandika kama mvua ya Aprili juu ya mabati,
hadi umeme uondoke.
Hapo wateja hushuka ngazi
wakinitazama kwa aibu kidogo,
kama mume anayerudi kwa mke wa kwanza
na njaa yake mkononi.

Lakini si umeme.
Kuna jambo jingine, na sina hakika kama nalijua.

Jumanne moja alikuja Nsimire, mjane wa Cirhuza,
na shemeji yake, viatu vimepigwa rangi,
na mnunuzi wa kiwanja cha Panzi
aliyekataa kiti.
Shemeji alitaja maneno, mimi nikapiga.
Karatasi tatu, kaboni mbili katikati:
lazima ugonge kama abishaye mlango wa kiziwi,
la sivyo neno halifiki kwenye ya tatu.
*Mimi niliyetia sahihi hapa chini*,
kengele, nikasukuma kigari,
*nimeuza kwa hiari yangu*,
kengele.

Mstari wa kumi na moja nikakosea bei.
"Futa tu," alisema shemeji.
Hii haifuti, nikamwambia.
Naweza kupiga x juu yake, xxxxxx,
lakini mwenye jua na subira
atasoma kilicholala chini.
Mnunuzi hakutaka x.
Basi nikazitoa zote, nikapanga nyingine,
nikanyoosha kaboni kwa ukingo wa kiganja,
nikaanza upya: *Mimi niliyetia sahihi*

na safari hii Nsimire alikuwa anasikiliza.
Sijui alisikia nini.
Labda kila herufi ilimfikia peke yake,
kama watu wanaoingia matangani
mmoja mmoja, kila mtu na mkono wake.
Nilipofika kwenye *kwa*, K, W,
akapitisha kiganja chake mbele ya utepe.
Vyuma viwili vikakwama hewani, vimepandana.
"Hapo," alisema.
"Hiyo hiari. Nani alikuambia?"

Shemeji akamtaja marehemu. Akalitaja deni.
Akataja gari lililokuwa linasubiri barabarani.
Mnunuzi akatazama saa, kisha mawingu.
Yeye akazivuta karatasi kwa mkono mmoja,
rola ikalia krrrr,
akazikunja zote tatu pamoja na kaboni zake,
kaboni nzima, mpya,
akanilipa nusu
kwa sababu nilikuwa nimeandika nusu.

Mugisho alicheka kutoka juu ya ngazi:
"Mimi ningekuwa nimeshamaliza
kabla huyo mama hajapiga chafya!"
Ndiyo, nikamwambia.
Ungekuwa umeshamaliza.

Jioni nilisafisha vyuma kwa pini na mafuta ya taa.
Tumbo la *a* lilikuwa limejaa vumbi jeusi,
la masista au la Panzi, sikuweza kutofautisha.
Utepe unakauka. Nimeugeuza upande wa pili,
bado una maneno kiasi.
Mpya haupatikani Bukavu nzima;
kuna mtu wa Uvira aliyeahidi kuniletea,
na leo ni wiki ya tano.
Nagonga kwa nguvu zaidi.