Pima Shingo Kwanza

Drani amekuja na kipande cha chuma
kimefungwa kwa karatasi ya daftari la mwanawe,
hesabu za kugawanya upande mmoja, grisi upande wa pili.
"Nipe stadi za Hailaksi. Sita. Nina haraka."

Saa tatu asubuhi, Arua, barabara ya Rhino Camp,
vumbi limeamka kabla yangu.
Meza yangu ni mlango wa lori lisilorudi,
makopo yangu ya maziwa yamejaa nati.

Hailaksi ya mwaka gani?
Anacheka kama aliyeulizwa umri wa mama mkwe.
Bodi, ndiyo, Hailaksi. Injini ilitoka Mbale.
Ekseli ya nyuma ni ya Daina:
aliichomelea Lemeriga, yule wa Koboko,
akaikata, akaipunguza, akatoboa habu upya
ili rimu za zamani zikubali.

Na Lemeriga yuko wapi?
Juba. Simu yake inaita, inaita, halafu inakata.

Stadi, ndivyo tunavyokiita hiki chuma.
Stadi pia ni mtu anayejua.
Lemeriga alikuwa stadi, ila hakuandika popote.

Basi tusimngoje.
Wala usinifungulie kadi ya gari;
kadi inataja gari jingine,
lililokufa kipande kipande huku likitembea.
Tukiulize chuma chenyewe.

Kalipa yangu ina ufa kwenye kioo, lakini haisemi uongo.
Nabana shingo, pale penye mikunjo midogo
inayong'ata tundu la habu isiachie.
Kumi na nne, nukta nane.
Nionyeshe ulizouziwa jana.

Anasita. Anazitoa mfukoni,
mpya, zinang'aa kama viatu vya bwana harusi.
Nati inaingia, inazunguka, inakaa.
Hapo ndipo wauzaji wengi husema, haya, lete pesa.
Nabana shingo.
Kumi na nne, nukta tatu.

"Nusu milimita tu," anasema Drani.

Nusu milimita tu.
Unene wa ukucha wako.
Utakaza nati, na stadi itazunguka nayo tunduni
kama mgeni anayeitikia kila neno bila kuelewa,
na siku moja, mteremkoni,
utaliona gurudumu likikupita
kwenda Pakwach bila nauli.

Kimya. Anaifuta meza yangu kwa kiganja, meza isiyo yake.
"Lilinipita," anasema. "Jumamosi.
Nilikuwa na magunia ya mihogo, na mama yangu mbele.
Lilimpiga mbuzi wa watu.
Mbuzi nimemlipa.
Mama hajasema neno tangu siku hiyo,
yaani kwangu; na jirani anaongea vizuri."

Sikujibu. Kuna maneno hayana kopo lake.
Nikapima meno ya uzi kwa kisumeno kidogo,
nikapima urefu: upite ngoma ya breki, upite rimu,
ubaki wa kutosha nati nzima ishike.
Kisha nikamwaga makopo, moja baada ya jingine,
tukainama wote wawili, wanawake wa nyanya wakitutazama.

Ya kwanza. Ya pili, kutu kidogo, nikaikataa,
nikapata nyingine chini yake.
Adhuhuri tulikuwa na tano.

"Nitaenda na hizo," akasema. "Tano zinatosha."
Nikaweka mkono juu yake, juu ya chuma, si juu ya mtu.
Siuzi tano kwa habu ya matundu sita.
Rudi kesho, Ezatiru wa Adumi ana gunia hajalifungua.

Nikaandika vipimo kwenye karatasi ile ile, juu ya grisi,
kwa herufi kubwa, ili atakayemfuata asimtafute mtu Juba.
Nikaigeuza.
Hamsini na nne kugawanya kwa saba:
saba, baki tano.
Mwalimu ameweka alama ya vema, kwa kalamu nyekundu.

Drani akaikunja vizuri, akaondoka kwa miguu.