Sentimita Nne

Nilipoinunua kwa Phanice Mideva,
juu kidogo ya soko la Chavakali,
niliikalia nikacheka:
magoti yamenifika masikioni,
panzi juu ya jani.
Yeye hakucheka. Alisema,
"Hiyo imeshonwa kwa kipimo changu.
Wewe itabidi uifumue."

Miaka kumi na saba alihimilisha ng'ombe
kutoka Mbale hadi kingo za msitu wa Kaimosi,
mtungi wa mbegu umefungwa nyuma, ukifuka baridi,
na kila lango la boma lilikuwa mtihani:
kusimama, kuteremsha mguu, kubisha.
Mguu usipofika, mtu huanguka.
Na nani atamkabidhi ng'ombe wake
daktari aliyemwokota langoni?

Basi akaishusha.
Shokamzoba fupi nyuma.
Mbele, nguzo za foki zikasukumwa juu
zikachomoza kando ya usukani kama pembe za ndama.
Stendi ikakatwa kwa msumeno.
Pikipiki ikapiga goti,
naye akafika chini kwa nyayo mbili.

Mimi nilifika chini kwa tumbo la injini.
Kila jiwe la Maragoli lilitoka kunipokea.
Kwenye kona ya Mudete, na gunia la maparachichi nyuma,
bomba la moshi liliandika jina langu barabarani
kwa cheche.

Fundi Lumbasi aliizunguka kimya,
akaiminya kitini mara mbili, ikaguna.
"Za kuzaliwa nazo ziko wapi?"

Zilikuwa chini ya kitanda cha Phanice,
ndani ya mfuko wa chakula cha ng'ombe,
zimepakwa grisi kama mtu anayetarajiwa safari.
Miaka yote ile. Sikuuliza kwa nini.
Alizitoa, akazipima kwa kiganja, akanuna.
"Nilidhani ni ndefu zaidi," akasema.
"Siku zile zilikuwa ndefu zaidi."

Jumanne tuliinyanyua juu ya kreti la soda.
Bolti ya chini ilikataa:
mafuta ya taa, nyundo, mafuta ya taa tena,
na tusi moja la Kimaragoli nisiloweza kuliandika.
Foki zikarudi chini taratibu,
Lumbasi akisoma kwa rula ya mwanawe wa darasa la nne
mpaka vichwa vikalingana na vishikio.
Pale zilipobanwa zamani palibaki duara,
chuma safi katikati ya kutu,
kama mkono uliovuliwa saa ya siku nyingi.

Nikapanda. Nikaona juu ya ua la jirani:
chai, nguo kambani, ng'ombe wa madoa
akinitazama bila haya.
Huenda naye alitoka kwenye mtungi ule.

Nikashuka, nikaiegesha,
ikalala upande kama mlevi anayetafuta bega.
Tulikuwa tumerudisha kila kitu
isipokuwa stendi. Stendi bado ilikuwa na miguu ya Phanice.

"Sentimita nne," Lumbasi akasema,
akachukua kipande cha nondo, akashusha miwani myeusi,
na umeme ukakatika.

Nilishukuru
kabla sijajua nashukuru nini.

Sasa natembea na kibao cha mkaratusi,
nimekitoboa, nimekifunga kwa kamba usukanini.
Kila langoni nasimama, miguu inafika bila shida,
kisha nashuka, nainama,
naweka kibao chini ya ule mguu mfupi wa chuma,
ndipo nabisha.
Wenye maboma hungoja. Wengine hucheka.
Bibi mmoja kule Kaimosi aliitazama pikipiki, si mimi,
akauliza, "Daktari hajambo?"

Umeme ulirudi siku ile ile, saa kumi na moja jioni.
Lumbasi huniuliza nitapita lini.
Namwambia wiki ijayo.